Kufuata mbwa mbali: umbali ndo unaokuponza

Watu wakisikia unaenda kuchukua mbwa mbali wanaanza na maswali ya barabarani, utamlisha nini, akitapika je, atalala wapi. Maswali mazuri na ntayafikia, ila mi naona hatari kubwa ya hizi safari haiko barabarani kabisa, iko pale getini unapofika. Umeendesha tangu alfajiri, mgongo umekufa ganzi, nyumbani wameshampa jina na wanagombania atalala chumba cha nani, alafu geti linafunguliwa unawekewa katoto mkononi na moyo unakuwa ushamaliza kazi kabla macho hayajaanza. Ule umbali unakuamulia. Mbwa ambaye angekuwa mtaa wa pili ungemwangalia mara moja ukasema asante ngoja nifikirie, huyo huyo ukimfuata mwendo wa siku nzima unamchukua, na sababu unajitungia mwenyewe, ooh kachoka tu, ooh anatetemeka kwa sababu kaogeshwa sasa hivi.

Ndo maana kabla sijawasha gari nakubaliana na ninayeongozana naye kwamba tunaenda kuangalia. Kuchukua ni habari nyingine. Na tunataja kabisa vitu ambavyo tukivikuta tunageuza: mama hayupo, mtoto hajafika wiki 8, kadi ya chanjo haina jina la daktari, muuzaji anataka tukutane kituo cha mafuta nusu njia. Hicho cha mwisho kinakuja kimevaa nguo ya wema, "nawapunguzieni safari", kumbe hataki uone mbwa wanaishi wapi.

Safari moja tulifika kwa mtu, nlikuwa na mdogo wangu ndo dereva. Kwenye simu jamaa alikuwa mtamu sana, picha kila siku. Tukakaribishwa barazani, watoto wanne wakaletwa kwenye beseni, wamesuguliwa shampuu mpaka wananukia kama duka la vipodozi. Nikauliza mama yao yuko wapi. Ametoka kidogo na kijana. Nikasema hamna shida tutamsubiri. Aah, dada, watachelewa hao. Nikamchukua mmoja, katumbo kamevimba ngoma huku mbavu zinahesabika, hiyo mara nyingi ni minyoo, na chini ya mkia palikuwa pameloa pamoja na shampuu yote ile. Nikamfungua mdomo taratibu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto na akifika wiki 8 hivi kwa kawaida yanakuwa yashatoka yote, huyu huku nyuma ufizi ulikuwa mtupu, laini. Nikauliza tena ana wiki ngapi, nikaambiwa 9.

Mdogo wangu akanivuta pembeni, "Dada, yaani tumekuja huku kote turudi mikono mitupu?" Nkamwambia ndo hivyo, washa gari. Alininunia njia nzima, mziki juu, hata maji hakuniomba. Simlaumu, kuendesha umbali ule kurudi na keji tupu inayogonga-gonga nyuma inauma aisee. Lakini mafuta yaliyopotea yamepotea, ila mtoto mgonjwa ukimpakia safari ya masaa kumi unaweza kufika na maiti, na muuzaji akipata pesa yako kesho anaweka beseni lingine.

(Na kama unajisikia kumchukua ili "kumuokoa", fikiria mama yake aliyebaki huko anazalishwa tena. Hiyo biashara ya madalali, wanaouza watoto wa mbwa ambao hawakuwazalisha wenyewe, hadi England waliiona wakaweka sheria mwaka 2020, maarufu kama Lucy's Law, kwamba mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6 ununue kwa aliyemzalisha mwenyewe na umuone akiwa na mama yake, au uchukue kituo cha kuokoa wanyama. Wewe unaweza kujiwekea sheria hiyo hiyo popote ulipo.)

Kuna wanaokwepa safari kwa kulipa kila kitu mtandaoni waletewe. Hapo ndo matapeli wamejazana. Mchezo wao haubadiliki, picha nzuri kupita kiasi, bei nafuu, ukishatuma pesa ya kwanza mbwa "amekwama" uwanja wa ndege, mara keji maalum inatakiwa, mara bima, mara chanjo ya dharura, kila siku kiasi kipya. Mwambie akupigie video sasa hivi amshike mtoto huku anataja jina lako na mama mbwa aonekane pembeni. Wa kweli atacheka afanye. Tapeli kamera yake itakuwa mbovu kuanzia dakika hiyo. Na zile picha zitafute kwenye intaneti, mara nyingi utamkuta mbwa huyo huyo anauzwa miji mitano kwa majina tofauti.

Mbwa niliyemleta baadae alikuwa mbali zaidi ya yule wa beseni. Nilipoingia tu mama yake alikuja akaninusa viatu, akanizunguka, alafu akarudi kulala pale watoto walipo huku jicho moja kwangu. Nikajua hapa tutaongea. Mwenyeji ndo alikuwa ananihoji mimi sasa, nafanya kazi masaa mangapi, nani atabaki na mbwa mchana, nimewahi kufuga, na yule wa zamani alikufaje. Mdogo wangu akaona ni kiburi, mi nilifurahi. Mtu anayekuhoji hivyo ndo atakayepokea simu yako saa nne usiku mbwa akikataa kula.

Akanipa na kitambaa alichokuwa amekilaza kwa mama kama wiki nzima, pamoja na chakula cha siku kadhaa cha aina ile ile aliyozoea. Usipopewa omba. Kubadilisha chakula siku ile ile ya safari ni kujitafutia kuharisha ndani ya gari.

Sasa barabara. Wazo la kwamba mbwa akae mapajani njia nzima ni tamu ila ukifunga breki ya ghafla anaruka kama mpira, kwa hiyo ni keji, imefungwa mkanda, chini magazeti na mataulo ya zamani mengi kuliko unavyodhani, na mtu wa pili amekaa pembeni yake nyuma. Kusafiri peke yako na mtoto wa mbwa inawezekana, sipendekezi. Wengi wanatapika safari ya kwanza, sehemu ya sikio inayoshika mizani bado inakua, kwa hiyo mlo mkubwa usipewe masaa matatu au manne kabla ya kuondoka. Ila kwa wale wa mbegu ndogo sana usiwakalishe njaa siku nzima, sukari inashuka haraka, wanalegea na wanaweza kupata degedege, kidogo kidogo kila mnaposimama ndo salama. Kabla ya kutapika mbwa anatoa taarifa: anajilamba midomo mfululizo, anapiga miayo wakati hana usingizi, udenda unaanza kuning'inia. Wetu alianza kulamba, mdogo wangu akiwa kwenye usukani anaongea habari za mpira, nikamwambia punguza, akasema subiri tupite hili lori. Tulipita lori. Taulo la kwanza likaondoka.

Dawa usimpe za kwako za kichwa wala za kutapika, paracetamol na ibuprofen ni sumu kwa mbwa. Zipo dawa za kichefuchefu za mbwa, daktari wa mifugo anakupangia kwa uzito.

Mnaposimama njiani sasa ndo nakuwa mkali mpaka watu wananiona mchawi. Mtoto wa mbwa hashuki chini kule wanakoshushwa mbwa wote wa barabarani. Kirusi cha parvo, kinachoharisha na kuua watoto wa mbwa, ambacho dunia ilikijua 1978, kinakaa kwenye udongo miezi, hata mwaka na zaidi, sabuni ya kawaida haikisumbui, na chanjo za mtoto zinarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16 hivi kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizima chanjo ya mapema. Kwa hiyo sindano moja kwenye kadi haimaanishi amekingwa. Anakojoa kwenye gazeti, tunakunja, tunatupa, safari inaendelea. Ukifika nyumbani ile keji ioshe uchafu wote utoke kwanza, alafu upake blichi, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iachwe dakika kumi ndo uisuuze.

Na kumwacha ndani ya gari "dakika mbili nikale" hapana. Nje kukiwa nyuzi 21 tu, hali ya hewa nzuri kabisa, ndani ya gari lililofungwa nusu saa baadae inakaribia 40, na kufungua kioo kidogo hakusaidii kitu cha maana. Kuleni kwa zamu.

Kama unaleta mbwa mkubwa, tuseme umemtoa kituo cha kuokoa, wasiwasi wako uhamie kwenye mlango. Huyu hakujui, jina ulilompa halijui, akichomoka pale pembeni ya barabara kuu hana sababu ya kurudi kwako wala hajui nyumbani ni wapi. Kola pekee usiitegemee, mbwa mwenye hofu anarudi kinyumenyume inavuka kichwa. Mvalishe kola na mkanda wa kifuani, kamba mbili, moja imefungwa ndani ya gari, na mlango ufunguliwe wakati mtu ameshika kamba tayari.

Wa ndege sitasema mengi kwa sababu mi mwoga, lakini mbwa wenye pua bapa kama bulldog na pug mashirika mengi hayawapokei chini kwenye mizigo, kupumua kwenyewe ni shida wakiwa nchi kavu, na kumpa dawa ya usingizi ili "asafiri kwa amani" ni hatari, anashindwa kurekebisha joto la mwili na kujishikilia. Muhimu zaidi ni kalenda. Ukivuka mpaka wa nchi karatasi zina mpangilio wake, mfano kuingia Umoja wa Ulaya chipu (kile kidude kidogo chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi) iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo yenyewe mbwa awe na angalau wiki 12, alafu zihesabiwe siku 21. Piga hesabu, hakuna mtoto anayefuata taratibu hizo kikamilifu akiwa chini ya wiki 15, na kwa mbwa wa nchi nyingi za nje kuna kipimo cha damu juu yake na miezi mitatu ya kusubiri. Kwa hiyo kama unakoishi kuna taratibu kama hizo na mtu akikwambia ana mtoto wa wiki 8 wa kutoka nchi nyingine na "karatasi zote ziko sawa", karatasi hizo zitilie shaka kubwa.

Tulifika usiku, yeye ananuka matapishi, sisi tunanuka matapishi. Majirani waliotaka kuja kumuona nikawaambia wiki ijayo. Wale wa vituo vya kuokoa wana kauli ya siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu, kwamba siku tatu za mwanzo amechanganyikiwa tu, usimpime tabia, na kwa huyu ilikuwa hivyo, alilala, akala nusu, akalia usiku mpaka nikasogeza keji karibu na kitanda na kile kitambaa cha mama ndani.

Daktari alimuona mapema wiki ile ile, akapitisha kisomeo, chipu ikajibu namba zake 15. Kumbe namba ilikuwa bado kwa jina na simu ya mwenyeji wa kule mbali, na kubadilisha hizo taarifa watu wengi hawafanyi, wanadhani chipu inajua imehama. Mbwa akipotea mtaani kwako atapigiwa simu mtu aliye mwendo wa siku nzima. Nlibadilisha palepale kwenye benchi la kusubiria, kwa simu, mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa unatafunwa.