Simu kukwamakwama baada ya sasisho: kilichonisaidia

Jamani, nimepata afueni. Tangu nisasishe Android, kibodi ilikuwa inachelewa, na programu ya pesa inaganda nikilipa kwa Lipa Namba pale Kariakoo, watu nyuma wanasubiri. Wapo wanaosema ni kasoro ndogo. Kwa anayelipia kila kitu kwa simu, si ndogo hata kidogo.

Kuizima na kuiwasha, kufuta picha, wapi.

Kilichosaidia ni kuiacha kwenye chaji usiku kucha ikiwa imewashwa, bila kuigusa. Kuwashwa ndiko kwenye siri: baada ya sasisho, Android huziandaa upya programu wakati simu imetulia na inachaji. Nyumbani tumezoea kuzima simu tukichaji, basi kazi hiyo ilikosa nafasi. Asubuhi kibodi ikafuata vidole. Jaribuni hili kabla ya kufuta kila kitu.