Kodi za hamoniki meja kwenye gitaa: fuata Ab, zima uzi wa A

Hamoniki meja ni skeli ya meja ya kawaida ambayo noti yake ya sita imeshushwa nusu toni. Kwenye C unapata C D E F G Ab B (b ni noti iliyoshushwa nusu toni, # iliyopandishwa). Kwa waliolelewa na solfa ya kwaya: la inashuka, nyingine zote zinabaki palepale. Ukishusha na mi, umeshaingia hamoniki maina, na hapo ndipo wengi huteleza.

Ukijenga kodi za noti nne juu ya kila hatua, unapata Cmaj7, Dm7b5, Em7, Fm(maj7), G7, Abmaj7#5 na Bdim7. Zichunguze: Cmaj7, Em7 na G7 hazina Ab hata kidogo. Ni zilezile za C meja. Ukizungusha hizo tatu tu, hakuna atakayejua kwamba umebadilisha skeli. Ladha yote imo kwenye nne zilizobaki.

Namba zinazofuata ni freti, kuanzia uzi wa 6 (mnene) hadi wa 1. X ni uzi usiopigwa, 0 ni uzi wazi, yaani unaopigwa bila kubanwa.

Anza na Dm7b5: xx0111. Kidole cha shahada kinalala kwenye freti ya 1 juu ya nyuzi tatu nyembamba. Halafu G7, 320001, halafu Cmaj7, x32000. Piga polepole na usikilize nyuzi tatu nyembamba peke yake. Uzi wa 3 unatoka Ab kwenda G. Wa 2 unatoka C kwenda B. Wa 1 unang'ang'ania F mpaka kodi ya mwisho, ndipo unatua E. Hakuna sauti inayosogea zaidi ya nusu toni. Kodi mbili za kwanza zinalifanya sikio lisubiri C maina, yenye Eb, kisha linakuta E. Utamu wa skeli hii uko hapo.

Kinachoharibu ni uzi wa 5 ukiwa wazi. Kati ya nyuzi zote za gitaa, A pekee ndiyo haimo kwenye skeli hii. Mkono wa kulia ukianzia uzi wa 5 unapopiga Dm7b5, A inagongana na Ab ya uzi wa 3 na kodi inachafuka. Anzia uzi wa 4. Mazoea nayo huponza: vidole hukimbilia Dm ya kawaida, xx0231, ambayo ina A kwenye uzi wa 3. Vivyo hivyo F meja badala ya F maina.

Fm(maj7) ni 132111. Wengi huisikia mara moja wakaiacha, kwa sababu E ya uzi wa 4 inasuguana na F ya uzi wa 1. Punguza: 1x211x inatoa F, E, Ab na C bila kelele ile, na kama unatumia distoshen, usijaribu hata kidogo ile nzima. Kwa kusindikiza mwimbaji, mimi naona Fm6 ni bora: 1x0111, gumba likibana uzi wa 6 kutoka juu ya shingo. Noti zake ni zilezile za Dm7b5, tofauti ni besi tu.

Abmaj7#5 inatisha kwa jina, lakini ni kodi ya C meja yenye Ab kwenye besi: 4x555x. Shahada inabana uzi wa 6 kwenye freti ya 4, na ncha yake iguse uzi wa 5 ili uzimike. Kidole cha pete kinalala freti ya 5 juu ya nyuzi za 4, 3 na 2.

Bdim7 ni x2313x. Isogeze freti tatu kwenda juu na noti ni zilezile kwa mpangilio mwingine. Kuna na xx0101: mpiga besi akiweka G chini yake, mmepata G7b9 bila wewe kuhangaika.

Ukipiga solo, kaa mbali na Ab juu ya Em7. Inagonga G ya kodi na inasikika kama umekosea.

Ukibadilisha ufunguo, tafuta upya uzi wa wazi wa kuogopa. Kwenye A ni G. Kwenye D ni B. Kwenye G ni nyuzi zote mbili za E, kwa hiyo ufunguo huo unasumbua. Kwenye E ni D na G, lakini vidole vinafurahi: E 022100, Am(maj7) x02110, B7b9 x21212, kisha E tena. Kwenye uzi wa 2 utasikia C ikikaa kodi mbili mfululizo kabla ya kushuka B.