Bethdei ya binti wa miaka 11 Uingereza: michezo inayofaa na makosa ya kuepuka

Wazazi wenzangu mnaolea mabinti huku Uingereza, hakuna umri mgumu kuuandalia sherehe kama wa miaka 10 hadi 12. Kile kifurushi cha kupitishana kilichofungwa tabaka tabaka, au muziki unaozimwa ghafla watoto wakaganda kama sanamu, wameshaviona vya kitoto. Mambo ya wasichana wakubwa nayo bado hayajawafikia. Juu ya hayo kuna aibu. Binti wa umri huu akishindwa pamoja na wenzake watatu anacheka; akishindwa peke yake mbele ya macho ya watu, anatafuta pa kujificha, na mara nyingi pa kujificha ni simu.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata puto moja, kubalianeni nyumbani: hakuna mchezo wa kumtoa mtu nje akakae, na hakuna mchezo wa kumsimamisha mtu peke yake. Timu zipangwe kwa kura. Ukiwaachia manahodha wachague, kuna mmoja atabaki wa mwisho, na hilo atalikumbuka kuliko keki. Kura ni rahisi: kata nyuzi za sufi za rangi tatu, ziweke kwenye mfuko wa kitambaa, kila mgeni avute moja akifika mlangoni na kujifunga mkononi. Hapo unavunja pia lile kundi la kina dada na mabinamu upande huu, na marafiki wa shule upande ule, ambao wasipochanganywa mapema hawachanganyiki tena.

Idadi nzuri ni 12. Inagawanyika kwa mbili, kwa tatu na kwa nne, na watu wazima watatu wanaiweza. Muda ni saa mbili, si zaidi. Kadi za huku huandikwa saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na wazazi wa marafiki wa shule watakuwa mlangoni dakika ile ile. Kwa ndugu zetu andika kwa ufasaha: “saa 8 mchana, yaani 14:00”. Ukiandika 2 tupu, kuna shangazi atakayesoma saa za Kizungu na mwingine atakayesoma za Kiswahili. Ukumbi ukodi kwa saa tatu na nusu, kwa kuwa muda wa kupanga meza na wa kufagia nao unahesabiwa. Na kama ni Desemba, usitegemee bustani: London jua linazama kabla ya saa 10 alasiri.

Dakika 15 za kwanza wageni wanaingia mmoja mmoja, na anayefika wa kwanza hana la kufanya. Hapo ndipo mdako unapookoa. Nyumbani tunachimba kishimo. Ukumbini chukua kadibodi, chora duara la upana wa sentimita 20, weka kokoto 10 laini na moja ya kurushia. Mchezaji anarusha ile moja juu, anazikokota nyingine zote nje ya duara kabla hajaidaka, kisha anarusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja, ambayo anaiweka kando. Anaendelea hivyo mpaka duara liishe. Akikosea, zamu inahamia kwa mwenzake. Maharage hayafai, ni mepesi na yanatawanyika. Kokoto za kupambia vyungu vya maua ndizo zinazokaa vizuri mkononi. Weka kadibodi tatu sakafuni, watu wanne kila moja. Macho yote yako kwenye kokoto, hakuna anayetazamwa usoni, na watoto wasiojuana wanaanza kuongea bila kulazimishwa.

Mchezo mkubwa wa siku uwe msako, nao unahitaji maandalizi ya usiku uliotangulia. Timu tatu za watu wanne, vituo sita, bahasha 18: kila kituo kina bahasha tatu, nyekundu, njano na bluu, na timu inachukua ya rangi yake tu. Ndani ya bahasha kuna herufi moja na kitendawili kinachoelekeza kituo kinachofuata. Nyekundu inaanzia kituo cha 1, njano cha 3, bluu cha 5, na baada ya cha 6 mtu anarudi cha 1. Wote wakianzia mahali pamoja, timu mbili zitaifuata tu ile yenye mbio. Bahasha ya mwisho ya kila timu isiwe na kitendawili: kwa nyekundu ni ile ya kituo cha 6, kwa njano cha 2, kwa bluu cha 4. Hapa ndipo wengi hukosea, timu ikajikuta inazunguka raundi ya pili.

Vitendawili vyetu vinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu jibu lake ni kitu cha kushikika. “Nyumba yangu haina mlango” ni yai, basi bahasha zikae ndani ya kasha tupu la mayai. “Kuku wangu katagia mwibani” ni nanasi, basi zikae chini ya nanasi kwenye meza ya matunda. Andika Kiswahili juu na Kiingereza chini. Usijaribu kuandika Kiswahili kitupu ukidhani mabinamu watapata fahari ya kuwafasiria wenzao. Wengi waliozaliwa huku wanakielewa Kiswahili wakikisikia lakini kukisoma kunawapa shida, na utakuwa umewatia aibu ileile tunayoikimbia.

Neno la kuunda liwe SAFARI: lina herufi sita, na watoto wa Kiingereza wanalijua. Ila herufi hizohizo ndizo zinazoandika FARASI, na mtoto anayejua Kiswahili anaweza kuanza na hilo. Kubali yote mawili, na timu itakayopata maneno yote mawili ipate pointi ya ziada. Hapo Kiswahili kinakuwa faida kwa timu nzima. Usipange herufi kwa mfuatano wa vituo, maana nyekundu itasoma jibu bila kufikiri. Mpangilio unaofaa ni A, R, I, F, A, S kuanzia kituo cha 1 hadi cha 6. Popote timu itakapoanzia, SAFARI wala FARASI halijitokezi lenyewe. Msako kama huu huchukua dakika 20 hadi 25. Timu ikikwama dakika tatu kwenye kituo, mtu mzima awanong'oneze.

Baada ya akili, mwili. Rede, ambayo Wakenya wanaiita kati, haiwi ngeni kwa watoto wa huku kwa sababu shuleni wana michezo yao ya kukwepa mpira. Tengeneza mpira wa soksi: kunja soksi saba au nane pamoja, ziingize kwenye mguu wa soksi ndefu ya kike, sokota, geuza, vuta tena, mara tatu, kisha shona tundu. Uwe na upana wa sentimita 15 hivi. Ukiwa mwepesi mno hautafika. Ongeza soksi, kamwe usiweke mchele wala kokoto ndani. Warushaji wawili wasimame wakitazamana, mita 8 kati yao, sawa na hatua kumi za mtu mzima. Kumbi nyingi zina mistari ya uwanja wa mpira wa vinyoya (badminton) sakafuni, na ule wenye upana wa mita 6.1 unakupa mipaka ya pembeni bila kubandika chochote.

Nyumbani wa katikati hujaza mchanga kwenye chupa huku wakikwepa. Ukumbini badilisha mchanga kwa vikombe 10 vya plastiki, vya kujenga mnara wa 4, 3, 2 na 1. Timu ya watu sita katikati, timu ya watu sita nje: wawili wanarusha, wanne wanaokota, na warushaji wabadilishwe kila dakika moja. Anayepigwa hatoki. Anakimbia kugusa ukuta na kurudi. Mpira ukiangusha mnara, wanajenga upya. Timu inayomaliza kwa muda mfupi zaidi ndiyo mshindi. Kosa linalotokea kila mara ni wote sita kuzunguka vikombe, wakawa shabaha moja kubwa, kwa hiyo weka sheria: mjenzi mmoja kwa wakati, kikombe kimoja kisha anampisha mwenzake. Mpira usipite mabega. Soksi tupu kwenye sakafu iliyong'arishwa ni hatari, hivyo wavae raba au wabaki pekupeku, na kadi ya mwaliko iseme waje na suruali.

Hapo wanakuwa wamechoka, wape chakula. Katika kadi uliza mapema nani ana mzio. Sheria ya Uingereza inataja vyakula 14 vinavyosababisha mzio ambavyo muuzaji lazima avitaje, na karanga na ufuta vimo. Kashata za karanga zikae nyumbani siku hiyo. Za nazi zinatosha, na nazi haimo katika hiyo orodha, ingawa kuuliza ni palepale. Peremende laini na za kutafuna nyingi zina jelatini ya nguruwe, basi kwa ajili ya watoto wa Kiislamu tafuta zilizoandikwa halali, na wape wote hizohizo ili asiwepo wa kutengwa mezani.

Kuhusu kumwagia maji mwenye siku yake: waambie mabinamu mapema kwamba hapa haipo. Binti aliyesukwa juzi kwa saa tano, au aliyenyoosha nywele kwa ajili ya picha, hatalisahau hilo, na marafiki wa shule hawatajua kama ni upendo au ugomvi. Kwa sababu hiyohiyo epuka michezo ya unga usoni. Kulishana keki kunatosha, tena kunapendeza.

Mchezo wa kanga uje baada ya chakula, shibe ikiwa bado inawakalisha. Kila timu ya watu wanne inapata doti moja, yaani vipande viwili vya takribani mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, pamoja na vibanio sita vya nguo. Hakuna pini. Wana dakika saba kumvisha mmoja wao waliyemkubaliana wenyewe, kisha timu nzima, wote wanne, wanatembea pamoja mbele ya wengine. Hilo la kutembea wote usilibadilishe. Usiikate doti vipande viwili kabla hujawapa. Kanga mpya huja imeunganika na kuikata ni sehemu ya raha, ila mkato aufanye mtu mzima. Waeleze kwamba jina la kanga, yale maneno ya chini, huvaliwa yakisomeka, na mpe kila timu karatasi yenye maana ya jina lake. Kabla ya kununua lisome jina hilo kwa makini, kwa sababu kuna kanga za mafumbo na vijembe visivyofaa kufasiriwa kwa watoto wa miaka 11.

Wengi huuliza kuhusu hina. Inafaa, kwa masharti. Piko, ile nyeusi ya haraka inayotumika sana pwani yetu, isiingie kabisa. Kwa kawaida ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inaweza kuunguza ngozi na kumwachia mtoto mzio wa maisha, na hapa Uingereza kuipaka kwenye ngozi ni kinyume cha sheria. Hina ya asili huacha rangi ya machungwa hadi kahawia, na ikikaa dakika 20 tu itafifia upesi, kwa hiyo chora ua dogo kwanza kabisa sherehe inapoanza, si mwishoni. Pata ruhusa ya kila mzazi kwa maandishi, na uliza kama mtoto ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), hali iliyopo sana kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa kuwa hina inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Ukikosa jibu, usimpake. Mpe shanga atunge bangili, na uwe umeziweka tayari ili asionekane kaachwa.

Dakika 15 za mwisho zifungwe na mchezo wa huku wenyewe, ule wa chokoleti. Kaa kwenye duara, rusha dado. Anayepata sita anavaa kofia, glavu na skafu, kisha anakata chokoleti kwa uma na kisu butu mpaka mwingine apate sita na kumpokonya. Tengeneza duara mbili za watu sita. Duara moja la watu 12 lina wengi ambao zamu haiwafikii. Chokoleti ya gramu 200 kwa kila duara, isiyo na karanga, iliyotolewa kwenye friji saa moja kabla. Ikiwa baridi inaruka vipande mpaka ukutani. Kila mtoto awe na sahani yake ya karatasi, anachokata anakiweka hapo na kukila kwa mkono, ili uma usipite vinywani.

Zawadi ziwe za timu na za thamani moja kwa wote. Picha za watoto wa watu zisiwekwe mtandaoni bila wazazi wao kukubali. Na mlangoni asimame mtu mzima mmoja mwenye orodha ya majina 12 na jina la anayemchukua kila mtoto, asiyeondoka pale mpaka la mwisho limewekewa alama.