Chewa asiyeonekana naye anaandikwa

Dodoma, Jumamosi usiku

Leo nimeshinda ndani nikiingiza kwenye kompyuta hesabu za samaki wa Mafia. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limejaa hadi kwenye kibodi, lakini akili yangu yote iko Ghuba ya Chole.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Ilianzishwa 1995, ina kilomita za mraba 822, na spishi za samaki zilizoorodheshwa humo zinapita 400. Watu huipenda sana namba hiyo. Mimi kila ninavyozidi kuifanya kazi hii naiona haitoshi, kwa sababu chewa mmoja kinda na kundi la chewa wazima, kwenye orodha ya spishi, wote ni alama moja tu ya vema.

Kazi yenyewe inataka subira. Mnatandaza utepe wa mita 50 juu ya matumbawe, mnangoja samaki watulie, kisha unaogelea taratibu ukihesabu waliomo mita mbili na nusu kila upande. Unaanza na wakubwa wenye mbio, chewa, changu, kolekole. Wadogo wanaojificha unawahesabu ukirudi. Kila mmoja unakadiria urefu wake, na hapo ndipo pagumu, maana ukiwa majini na miwani kitu huonekana kimekua kwa kama theluthi. Ndiyo maana tunajizoeza kwanza kwa vijiti vyenye urefu unaojulikana.

Ninayempenda zaidi ni pono. Mara nyingi unamsikia kabla hujamwona: krr, krr, mdomo wake ukikwangua mwani kwenye mwamba, halafu nyuma anaachia wingu la mchanga mweupe. Pale alipokwangua, tumbawe changa hupata pa kushika. Tangu joto la bahari la 1998 liue matumbawe mengi ya mwambao wetu, Mafia ikiwemo, kazi hiyo ina thamani kubwa. Tunamhesabu mchana tu. Usiku hujibanza mwambani akalala, wengine wakijifunika utando wa ute. Wanaosema fulani ana usingizi wa pono hawakukosea.

Jioni shangazi alikuja na perege wa Mtera, akakaa kunitazama nikijaza sifuri kwenye safu ya chewa.

“Mwanangu, hata asiyekuwepo unamwandika?”

Nikamwambia huyo hasa ndiye simwachi. Nikiacha wazi, msomaji atadhani hatukufika. Sifuri inasema tulifika, tukatazama, hatukumwona. Bila hizo sifuri huwezi kulinganisha eneo la ndani lisilovuliwa na yale wanakoruhusiwa wavuvi.

Akafikiri kidogo. “Basi na hawa uwaandike. Perege hawajaisha sokoni, ila zamani mmoja alitutosha mezani. Siku hizi nanunua fungu zima.”

Ndilo jambo ninalohangaika nalo siku zote, na yeye kalisema akiparua magamba. Jina la samaki hubaki muda mrefu baada ya ukubwa wake kuondoka. Wakubwa ndio wenye mayai mengi, na ndio wanaotangulia kuvuliwa.

Wizara inayopanga mambo ya uvuvi iko hapa hapa Mtumba, na ripoti kama yetu huko ndiko inakoelekea. Rasimu tuliyo nayo inafungua kwa jedwali la spishi. Kesho namwandikia kiongozi wa timu: jedwali la urefu litangulie, na safu zenye sifuri asiziondoe.