Nani alikuwa hasemi

Juzi dada yangu alifika kutoka Butembo, tukakuwa mezani, fufu, sombe na sambaza, na Bebe kama kawaida yake ndiye anaongoza mazungumzo, anaeleza mambo ya mwalimu wao, anaiga sauti yake, anasimama juu ya kiti, fufu inapoa mbele yake. Dada akamwangalia weee, halafu akaniinamia, kwa sauti ya chini lakini siyo chini ya kutosha: "Si huyu ndiye mulikuwaka munaogopa ni bubu?"

Bebe akakata hadithi katikati. "Papa, nani alikuwa bubu? Mimi?" Sijajibu bado, akaongeza: "Ao ni Yaya?"

Yaya, dada yake mkubwa, hakuinua kichwa, akaendelea kukula. Mimi nikasema hakuna bubu hapa nyumbani, kaa chini ukule, shangazi yenu ametoka safari. Lakini lile swali la pili limebaki linanizunguka, na ndilo linanifanya niandike haya usiku huu wakati wote wamelala.

Wale mnaotujua mnakumbuka vile Yaya alikuwa. Alisema mapema sana. Hajajua hata kutembea vizuri tayari anataja vitu, maji anaita mai, sukari anaita sukali, na alipofika miaka minne alikuwa na Kiswahili chetu, Kinande cha koko yake, na vipande vya Kifaransa alivyookota gardiene, ile shule ya wadogo, tena anajua kabisa nani anaelewa nini, koko akiingia mlangoni mtoto anageuza lugha katikati ya sentensi bila mtu kumwambia. Hakuna aliyemfundisha hilo. Asubuhi sauti yake ndiyo ilikuwa inatuamsha, na usiku alikuwa anasema hata usingizini, mimi na mama yake tunalala tunasikiliza, tunacheka chini ya blanketi.

Bebe akazaliwa, akakuta nyumba imejaa maneno. Akanyamaza.

Kazi yote ikawa ya Yaya. "Bebe anasema hataki sombe, anataka ndizi." Tunauliza, amesema saa ngapi? "Ameniambia." Sisi hatujasikia kitu. Na kweli ukimpa ndizi anakula, ukimpa sombe anageuza uso, kwa hiyo mkalimani hakuwa anatudanganya. Wakiwa wawili chini ya meza ungesikia sauti moja tu inauliza na kujibu, na mkono mdogo wa yule mwingine unaonyesha kitu. Bebe alipopita miaka miwili bila neno, ni "mm" tu na kidole, mama yao akaanza kukosa usingizi. Tukampeleka kituo cha afya, muuguzi akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, akageuka. Akamwambia kamata kijiko, weka ndani ya kikombe, akaweka. Anasikia, anaelewa, ngojeni tu, dada yake ndiye anamfanyia kazi. Tukarudi nyumbani tumetulia nusu. Kungoja mtoto aseme ni kitu kirefu, kila asubuhi unaangalia ule mdomo.

Halafu ikafika tarehe 22 Mei 2021. Jumamosi, giza linaingia. Ule mwanga wa Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu wa Goma, tumeuzoea, miaka yote usiku tulikuwa tunauona pale juu, lakini wa siku hiyo ulikuwa umetanda, mbingu yote upande wa mlima ikawa nyekundu. Watu walijulishana kwa simu na kwa kelele. Sisi tuliokuwa watoto Januari 2002, wakati lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, miguu yetu ilijua mbele ya kichwa. Huyu anakimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, yule Sake, matela kichwani, bidoni za maji, televizyo, mbuzi, moto, zile pikipiki, zinapiga honi hazina pa kupita. Nikamweka Bebe mabegani, mama yao akamkamata Yaya kwa mkono na kumfunga na kikwembe kiunoni kwake ili watu wasimkokote. Na Yaya njia nzima anasema, anahesabu zile moto, anauliza kama Jumatatu gardiene itafungwa. Halafu akageuka nyuma.

"Papa, mbingu iko naungua?"

Nikamwambia tembea mama, tembea. Hakusema tena.

Usiku ule hatukugundua. Nani angegundua? UNICEF ilikuja kusema watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao katika kukimbia kule, na sisi wetu wote wawili tulikuwa nao, tunawagusa vichwa kila mara, tulijihesabu kati ya wenye neema. Lava ilisimama Buhene, karibu na kiwanja cha ndege. Kule juu vijiji viliungua, watu wapatao 30 walikufa, barabara ya Rutshuru ikafunikwa. Asubuhi tukarudi, nyumba yetu imesimama, tukaimba. Kisha matetemeko yakaanza, mchana na usiku, kuta zinapasuka, lami inapasuka, maji ya bomba hakuna, sisi na majirani tunalala nje kwenye parsele, uwanja wa nyumba. Yaya akawa anakaa chini, viganja vyote viwili ameviweka kwenye udongo, kila ukitetema anakandamiza zaidi. Ukimwita anakuangalia. Ukimuuliza kitu anakuangalia. Mama yake akasema ni usingizi, nikasema ndiyo ni usingizi.

Alhamisi tarehe 27, jua halijatoka, gavana wa kijeshi akatangaza kartie, yaani mitaa, 10 za Goma zihame, kwamba magma, lava ambayo haijatoka, iko chini ya mji na chini ya ziwa. Siwezi kueleza ile barabara ya Sake siku hiyo, aliyekuwepo anajua, asiyekuwepo achukue mji mzima auweke kwenye barabara moja. Tulitembea, tukapata kamiyo, lori, kwa kipande, tukatembea tena, Bebe akapoteza kandambili moja, tukafika usiku.

Sake ilikuwa imejaa, makanisa, mashule, hata pembeni ya barabara watu wamelala. Mama mmoja tusiyemjua akatuonyesha kona kwenye barza yake, familia nne tukalala pale bega kwa bega. Na asubuhi yake ndiyo ninayotaka kuwaambia, haya mengine yote ni njia tu ya kufika pale.

Yule mama alikuwa ameamka mbele yetu. Amepika buyi, uji wa mahindi, kwenye sufuria kubwa, buyi aliyopika kwa unga wake mwenyewe, kwa watu aliowakuta mlangoni kwake. Moshi wa kuni unaingia barzani, nje chukudu, ile baiskeli ya mbao, inapita inalia magurudumu, watoto wamekaa kwa mstari kwenye ukuta. Anapita kwa mtoto mmoja mmoja na kikombe na kopo dogo la sukari, anainama, anauliza jina, anauliza unataka sukari, anamimina. Sukari ilikuwa kidogo, ulikuwa unaona vile anaipima kwa ncha ya kijiko.

Akafika kwa Yaya. "Unaitwa nani, mama?"

Yaya anaangalia kikombe. Kilikuwa cha plastiki, kijani, kimeliwa pembeni.

"Unataka buyi? Nikutilie sukari?"

Kimya. Na Bebe yuko pembeni yake, amekaa juu ya bidoni yetu, mguu mmoja na kandambili, mwingine mtupu na vumbi jeusi la volkano mpaka kwenye goti. Nilikuwa ninamwangalia Bebe, siyo Yaya, sijui kwa nini. Nikamuona amegeuza uso, anaangalia mdomo wa dada yake. Anangoja. Alikuwa anangoja Yaya afanye ile kazi aliyoifanya siku zote, aseme nataka, na Bebe pia anataka. Akangoja, akamtazama yule mama usoni, akarudi tena kwenye mdomo wa Yaya, haufunguki. Yule mama watu ni wengi, akanyoosha mgongo ili aende kwa mwingine.

"Yaya."

Mimi nilifikiri ni mtoto wa familia nyingine. Sauti yenyewe ilikuwa nzito. Miaka miwili na zaidi nilikuwa nimejitengenezea kichwani sauti ya Bebe, nimeipa wembamba, nimeifananisha na ya dada yake, na hii haikuwa ile, hii ilitoka chini tumboni, na mikwaruzo kidogo, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Yaya anataka. Yaya anataka buyi. Na sukali." Akapumua. "Na mimi."

Mama yao alikuwa anakunja blanketi, akabaki nalo hewani hivi. Na yule mama wa Sake, yeye alijua nini? Kwake ni mtoto ameomba sukari. Akacheka, akasema huyu atajitafutia maisha, akamtilia Yaya kijiko, akamtilia Bebe kijiko, akaenda kwa mtoto aliyefuata. Sisi tumekaa pale wazazi wawili hatuna hata mtu wa kumwambia kilichotokea. Bebe anakunywa kwa kelele, masharubu meupe mpaka puani. Na Yaya amekamata kikombe chake kwa mikono miwili, anakunywa polepole, hakuna neno, hata hakumgeukia mdogo wake kumshangaa. Nilitaka kushangilia, nikashindwa, juu macho yangu yalikuwa yanatoka kwa mmoja yanaenda kwa mwingine. Mungu anisamehe lakini niliwaza kwamba mmoja amekamata sauti ya mwenzake.

Toka pale maneno ya Bebe yakaja kama mvua ya Novemba. Udongo ukitetema: "Chini iko nacheza." Mlima akauita Gongo. Na Yaya akawa na msemaji wake. "Yaya anasikia baridi." "Yaya anaogopa chini." Tunamuuliza, wewe unajua namna gani? Anatushangaa. "Ameniambia."

Juni tarehe 7 serikali ikaruhusu watu waanze kurudi, nasi tukarudi. Siku hizo za kwanza nyumbani, jioni, mama yao anapakua, Bebe akatangaza kwa niaba ya dada yake: "Yaya hataki maharagi."

"Nataka."

Ilikuwa ni Yaya. Neno moja, na kidogo amekasirika, mkalimani alikuwa amekosea. Mama yao akamjazia sahani mpaka ikafurika, akala yote.

Kesho yake akasema mawili, matatu, akarudi. Lakini hakurudi yule. Sijui niiweke vipi. Anasema vizuri, mwalimu analeta ripoti nzuri, Kifaransa anaandika kunishinda mimi, ukimuuliza anajibu. Ila anangoja kuulizwa. Zile hadithi za usingizini zimekwisha, nyumba inaamshwa na Bebe. Ninayo video kwenye simu ya zamani, ya mwanzo wa 2021, Yaya anamfundisha Bebe kuhesabu, dakika nne nzima hapumziki, na kila nikiiangalia ninatafuta kitu, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba isiyo yake. Mama yao hapendi niiangalie. Yeye anasema mtoto amekua, anasema upande wao wanawake wote ni watu wa maneno machache, dada zake mwenyewe vile vile, na kwamba hata bila Nyiragongo angekuwa hivi. Inawezekana. Yeye anamjua zaidi yangu. Mimi nilikuwepo lakini aliponiuliza kama mbingu inaungua.

Februari 2024, vita vilipofika Sake, watu wa kule ndio walikimbilia Goma, na yule mama wa buyi naye alitutafuta, tukampokea na wake, wakalala kwenye barza yetu. Bebe alipofungua mdomo tu, mama akaruka: "Huyu wa sukari!" Tukacheka mpaka machozi. Halafu akamwangalia Yaya kwa muda. "Na huyu, sasa anasema?"

"Anasema," Bebe akajibu.

Hapo ndipo ninakwama. Miaka imepita, na hatujawahi kumuuliza Yaya mwenyewe kama anakumbuka zile siku, kama maneno yalikuwepo na hayakuweza kutoka, ama hayakuwepo. Tuliogopa kumrudisha kule. Sasa amekuwa mkubwa na yale ya mezani ameyasikia, najua ameyasikia, hakuna kitu kinampita. Kwa hiyo nimepanga Jumapili tukitoka kanisani nitembee naye peke yetu mpaka ziwani, na Bebe abaki na mama yake, juu Bebe akiwepo atajibu yeye.