Taa ya kijani iliyonidanganya: nilivyoweka njia za akiba kwenye ruta zetu

Mtandao ninaousimamia Dar es Salaam una ruta nne (mashine zinazoelekeza data) zilizofungwa kwa duara: Posta, Kariakoo, Ubungo, Mwenge, kisha unarudi Posta. Vipande vitatu ni fiba. Cha Ubungo na Mwenge ni redio ya maikrowevu, na kila masika mvua ikikolea redio ile huzima. Simu za ofisi zinazopita humo hukatika zote kwa mpigo, na watu wanatulaumu kwa haki.

Jioni moja niliiacha pingi (ishara ndogo za kupima kama ng'ambo inajibu) ikikimbia. Redio ikazima, pingi ikanyamaza karibu sekunde 40. Huo ndio muda ambao OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuambizana njia, kwa mpangilio wake wa kawaida humsubiri jirani aliyenyamaza kabla ya kumfuta. Waya kati ya ruta na redio ulikuwa mzima na taa ya poti ikiwaka kijani. Ruta ingejuaje kwamba ng'ambo hakuna mtu?

Kwa hiyo nilianza na BFD, inayopima haraka kama jirani bado yuko hai: ishara kila milisekunde 50, zikikosekana tatu mfululizo njia inahesabiwa imekufa. Ndipo nikawasha LFA, ambayo huiwezesha ruta kukokotoa njia ya akiba mapema na kuiweka tayari. Nilipofungua jedwali la ruta ya Mwenge, njia ya kwenda Ubungo haikuwa na akiba yoyote.

Nilichukua karatasi. Kila kipande kina gharama ya 10, namba ambayo ruta huijumlisha ili kuchagua njia fupi. Mwenge ikimkabidhi Posta pakiti (kifurushi cha data) ya Ubungo, Posta ana njia mbili za gharama ya 20: kupitia Kariakoo, au kurudi Mwenge palepale. LFA haimkubali jirani anayeweza kukurudishia mzigo wako, na ina haki, maana pakiti ingezunguka bure. Nikajaribu kushusha gharama ya Posta–Kariakoo iwe 9. Mwenge ikapata akiba, lakini kipande hicho hicho cha Posta–Kariakoo kikabaki bila akiba.

Dawa ikawa LFA ya mbali. Mwenge inaifunga pakiti kwa lebo ya MPLS, alama inayoonyesha pakiti ipelekwe wapi, na kuituma hadi Kariakoo kupitia Posta. Ikifika Kariakoo, njia fupi ya Ubungo ni moja tu, ya moja kwa moja. Hapa nilipoteza usiku mzima, kwa sababu Kariakoo ilikuwa inakataa mazungumzo ya LDP, itifaki ya kugawana lebo hizo, kutoka kwa ruta isiyopakana nayo. Nilipoiruhusu, akiba ikatokea kwenye jedwali.

Saa nane usiku nikamwomba mwenzangu aliyekuwa Ubungo azime redio. Nilikuwa napiga pingi kila milisekunde 10, zilipotea 17.

Wiki iliyofuata mvua ilishuka mchana. Nilikuwa Mwenge, naongea na mwenzangu huyo kwa simu ya mezani, nikaona tahadhari ya redio kwenye skrini. "Kaka, redio imezima," nikamwambia. "Saa ngapi?" akauliza, kwa simu ile ile.