Kikombe Kimoja, Tukio Moja: Nilivyolinusuru Baraza Letu la Filamu

Mimi ni mhasibu, na bila shaka ndiyo sababu kosa langu la kwanza nililifanya kwa tarakimu. Tulipoanza kukutana kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kwenye kibaraza cha nyumba yangu huku Tabata, Dar es Salaam, watu saba tusio na uhusiano mwingine zaidi ya ujirani na kupenda filamu, nilinunua kaunta buku, nikachora safu nane, moja ya jina la filamu na saba za alama. Niliamini kwamba kila mtu akitoa alama zake kati ya 1 na 10 tutapata wastani, na tukishapata wastani tutakuwa tumejua filamu ipi ni nzuri. Hatukujua chochote. Tulichopata ni watu wazima saba wanaogombania namba.

Niseme kwanza kwamba hatutazami filamu pamoja. Tulijaribu mara moja kwa projekta ya kuazima, umeme ukakatika kabla hata steringi hajatambulishwa, tukaacha. Tangu siku hiyo tunakubaliana filamu moja mapema, kila mmoja anaitazama kwa wakati wake, mwingine kwenye sinema ya Mlimani City, mwingine kwa simu na bando la usiku, kisha tunakutana baada ya alasiri kwa ajili ya mazungumzo tu.

Mambo yalifika pabaya siku ya Nairobi Half Life. Filamu hiyo ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar, nami niliipendekeza nikidhani haina mpinzani. Kijana wetu wa bodaboda aliipa 10. Mwalimu, ambaye amefundisha fasihi ya Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, aliipa 3 kwa sababu ya matusi na wizi uliomo. Nusu saa nzima haikutajwa picha hata moja kutoka kwenye filamu yenyewe, kwani alama ikishaandikwa mtu haizungumzii tena filamu, anaitetea namba yake kama mtu anayetetea mpaka wa shamba. Kijana alifikia hatua ya kusema kwamba wazee hawajui filamu, na Mwalimu akaanza kutafuta viatu vyake.

Aliyetuokoa ni Bibi, muuguzi mstaafu, mkubwa wetu kwa umri, ambaye mpaka wakati huo hatukuwa tumemsikia akisema neno zaidi ya kuitikia shikamoo zetu. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, mlimtazama yule kijana Mwas anavyouza zile sidii kule kijijini?" Kisha akatueleza, bila haraka, kwamba Mwas haisifii bidhaa yake kama machinga anavyosifia shati, anaingia ndani ya filamu, anaigiza vipande vyake mbele ya watu, sauti na mikono na macho, kiasi kwamba mnunuzi akija kulipa anakuwa ameshaona onyesho la bure. Bibi alikumbuka vibanda umiza vya zamani, vile vya kuonyeshea video mtaani, na sauti ya marehemu Lufufu akitafsiri filamu za kigeni, jinsi watu walivyokuwa wakimfuata mtafsiri kuliko waigizaji waliokuwa kwenye kioo. Mwalimu akakirudisha kiatu chini. Alisema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba basi huyo kijana alikwenda Nairobi kutafuta jukwaa alilokuwa nalo tangu mwanzo. Naye wa bodaboda, ambaye dakika mbili nyuma alikuwa amekunja uso, akaeleza alivyoibiwa begi stendi ya Ubungo siku ya kwanza alipoingia Dar es Salaam, na kwamba pale Mwas anapoporwa mara tu anapofika jijini yeye alisimamisha filamu, akatoka nje kupunga upepo.

Usiku ule niliuchana ukurasa wa alama. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba swali la "umeipa ngapi" linafunga mazungumzo, na swali la "uliona nini" linayafungua, lakini kulijua jambo na kuwafanya watu sita walifuate ni vitu viwili. Nikitangaza kanuni mpya kama mwenyekiti wa kikao ningechekwa. Nikaamua kumtumia muuza kahawa, ambaye kila jioni hupita mtaani kwetu na birika lake juu ya jiko dogo la mkaa, akigonganisha vikombe ili tujue amefika. Niliongea naye pembeni, nikamwomba kwamba siku ya baraza asimimine vikombe saba kwa pamoja. Amimine kimoja, ampe mmoja, na mwenye kikombe ndiye msemaji. Kikombe cha kahawa chungu, kama mnavyokijua, ni cha mafunda machache. Ukikishikilia sana kinapoa, ukinywa haraka kinaisha, na kwa namna yoyote ile hotuba haiwezi kuwa ndefu. Sharti likawa moja tu: mwenye kikombe ataje kwanza tukio moja aliloliona kwenye filamu, na asiseme zuri wala baya mpaka amalize kulieleza.

Haikuwa rahisi hata kidogo. Mwezi wa kwanza kila mtu alianza na "lile tukio ni kali sana", yaani hukumu iliyovaa nguo za tukio. Ikabidi niwe ninauliza maswali madogo ya kumrudisha mtu kwenye kioo: nani alikuwa wapi, kamera ilikuwa karibu na uso au ilisimama mbali, tulikuwa tunasikia nini, kabla ya hapo tulikuwa tumetoka kuona nini. Mimi mwenyewe zamu yangu ilipofika niligundua kwamba filamu niliyokuwa nikiisifu kwa miaka sikumbuki ndani yake zaidi ya mapigano na muziki wa mwisho. Niliona aibu, nikaitazama upya usiku huohuo.

Mtihani mkubwa ulikuwa Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mwalimu ameifundisha riwaya ile kidato cha tano na cha sita mpaka kurasa za nakala yake zimelegea, na alikuja nayo mkononi, imejaa vipande vya karatasi kila mahali pale ambapo filamu ilikuwa imeacha au kubadili jambo. Kwa utaratibu wa zamani jioni ile ingekuwa orodha ya makosa. Alipopewa kikombe akafungua kitabu, nami nikamwambia kwa heshima, "Mwalimu wangu, kitabu tutakisoma, lakini kahawa inapoa, tupe ulichokiona." Alinyamaza kwa muda ambao ulinitia wasiwasi. Kisha akasema kwamba alichokiona ni ukimya. Kwenye riwaya msimulizi anaweza kutuambia Yasmin anawaza nini kuhusu ndoa yake na mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali; kwenye filamu msimulizi hayupo, kuna uso na mwanga na nyumba ya Unguja ya miaka ya 1950, na mtazamaji ndiye anayebaki na kazi ya kujaza. Alisema bado halipendi hilo. Lakini alilieleza vizuri kiasi kwamba wawili waliolipenda walitumia maneno yake kulitetea.

Bibi hakuwa amesoma riwaya, na kwake mtu wa maana alikuwa Mwajuma, anayeigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kweli. Alisema mwigizaji wa kawaida angeigiza kuimba, na huyu anaimba, na sikio la mtu aliyekulia kwenye taarabu linaijua tofauti hiyo kabla jicho halijaijua. Hilo mimi nisingeliona kwa alama yoyote.

Lilibaki suala la uhondo. Kila mwezi hakosekani mmoja ambaye hakuwahi kuimaliza filamu, naye haki yake ni kutoharibiwa uhondo kwa kusimuliwa mwisho. Tulilimaliza kirahisi: mazungumzo ya mwisho wa filamu huachwa kwa duru ya mwisho, na asiyemaliza hutumwa dukani kununua kashata.

Hivi karibuni tulikuwa na Nawi, filamu ya Kenya ya mwaka 2024 kuhusu binti wa Turkana aliyefaulu mtihani kwa kiwango cha juu na kutamani sekondari, wakati baba yake amekwisha kuamua kumwoza kwa mahari ya mifugo. Nilitarajia jioni fupi, maana nani angemtetea baba? Fundi seremala, mwenye mabinti wanne, alishika kikombe chake bila kukigusa mdomoni. Alisema hana tukio moja. Kila baba alipotokea yeye alimtazama baba, hata pale filamu ilipotaka tumtazame mtoto. "Nimemchukia," alisema, "na hesabu zake nimezielewa. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi." Kijana wa bodaboda alifungua mdomo kumjibu, akaangalia kikombe kiko kwa nani, akaufunga. Kahawa ya fundi ilipoa kabisa siku ile, na muuza kahawa akaimwaga na kummiminia nyingine bila kuombwa, kwa sababu alikuwa amekwisha kukaa chini na kusikiliza.

Sasa naye hutazama filamu ya mwezi, na hupewa zamu. Kaunta buku bado ninayo. Safu nane kama zile za ukurasa niliouchana sasa zinatumika kuandika nani amelipia kahawa na nani anadaiwa, na muuza kahawa, akiwa mwanachama wa nane, ndiye pekee asiyeandikwa deni.